Karakana ya Majeneza ya Teshie

Barabara ya pwani itokayo Accra kwenda Tema inapita miji ya Waga, watu wa pwani hii ya Ghana, mmoja baada ya mwingine: Osu, La, Teshie, Nungua. Nyumba zimeungana, na mgeni hawezi kujua mji mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Tulipovuka ziwa dogo la Kpeshie, bahari ikiwa mkono wa kulia, mama aliyekaa karibu yangu kwenye trotro, daladala za huko, akiwa amepakata beseni la samaki waliokaushwa kwa moshi, akaniambia kwamba sasa tumeingia Teshie. Nikamweleza ninakokwenda. Hakushangaa hata kidogo. "Kwa Kane Kwei," akasema, kisha akamgusa utingo mgongoni, akamwagiza asinipitishe kituo.

Seth Kane Kwei alikuwa seremala, na alifariki mwaka 1992. Karakana aliyoianzisha katika miaka ya 1950 ingali kando ya barabara hiyo, mikononi mwa ukoo wake, na watu huitambua kwa majeneza yake yasiyo na umbo la sanduku: samaki, mtumbwi, ndege, kitunguu, gari la Mercedes-Benz, kiatu, Biblia. Mvuvi huzikwa ndani ya mtumbwi au samaki, mkulima wa kakao huzikwa ndani ya tunda la kakao, mama aliyelea watoto wengi huenda na kuku mwenye vifaranga. Waga huyaita masanduku ya mithali, kwa kuwa umbo linasema jambo bila kulitaja, na mpita njia huelewa papo hapo ni nani anayepelekwa kaburini na aliishije.

Nilikuwa nimeyaona kwenye vitabu vya sanaa miaka mingi kabla ya safari hii, na karibu kila kitabu kiliyaweka kwenye fungu la vioja. Mwaka 2020, wakati wa Korona, dunia ikacheka tena. Video ya wabeba jeneza wa Ghana wanaocheza na maiti mabegani ilizunguka kwenye simu za watu wote, na wachache mno waliuliza wale vijana ni akina nani. Walikuwa kikundi cha Benjamin Aidoo wa Prampram, mji wa pwani hiyohiyo upande wa mashariki ya Tema, na walikuwa kazini. Kuna familia iliyowaita na kuwalipa wampeleke ndugu yao kaburini kwa heshima waliyoona inamstahili. Kicheko kile kiliniudhi na kinaniudhi mpaka leo. Ndiyo maana nilitaka kufika Teshie niitazame kazi hii kama kazi: nani anaagiza, nani analipa, nani anafundishwa, na ukoo mmoja unawezaje kuishi vizazi vitatu kwa kuwazika majirani zake.

Mimi ni mtu wa Tanga. Msikiti wa mtaani kwetu una jeneza moja la mbao lenye mikono minne, na limembeba kila aliyefariki pale mtaani tangu sijazaliwa. Limembeba babu yangu fundi baiskeli, limembeba na tajiri mwenye maduka aliyekuwa akimkopesha babu spoku. Maiti huteremshwa na sanda yake kwenye mwanandani, na jeneza hurudi msikitini kumsubiri mwingine. Hatuandiki jina juu yake wala hatulipambi. Nilikulia katika adabu hiyo na bado naiamini. Kwa hiyo nilipokuwa nikielekea kwa watu ambao marehemu huchongewa jeneza la peke yake, likashangiliwa nusu siku kisha likafukiwa, nilikuwa na swali zito moyoni. Nilitaka kujua kama heshima ile na hii yetu zina undugu wowote.

Ukoo husimulia mwanzo wa karakana hivi. Chifu mmoja aliagiza machela, kiti cha kubebwa mabegani, chenye umbo la tunda la kakao, apite nacho mbele ya watu siku ya sherehe. Kabla sherehe haijafika akafariki, na watu wake wakaamua azikwe ndani ya kiti kilekile. Kisha, mwaka 1951, akafariki bibi yake Kane Kwei. Bibi huyo hakuwahi kupanda ndege, lakini uwanja wa Accra uko karibu na Teshie, naye alipenda kuziangalia zikiruka na kutua, na kuzungumza habari zake kila siku. Mjukuu akamchongea ndege. Waliokuja kuzika wakaiona, na maagizo yakaanza kuja.

Tunda la kakao katika simulizi hiyo lina uzito wake Teshie. Tetteh Quarshie, mhunzi ambaye baba yake alikuwa mtu wa mji huu, alirudi kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879 na mbegu za kakao, akazipanda Mampong kwenye vilima vya Akuapem, na kwake Waghana huanzia hesabu ya utajiri wa zao hilo. Kufikia mwaka 1911 koloni ya Gold Coast ilikuwa inaongoza duniani kwa kakao. Chifu wa pwani anayekaa ndani ya tunda lile na kuinuliwa juu ya vichwa vya watu alikuwa anadai kitu, na kila aliyekuwepo alielewa anadai nini.

Habari ya ndege ya bibi ni nzuri, na ndiyo inayorudiwa kwenye kila makala. Ila si habari yote. Regula Tschumi, mtafiti kutoka Uswisi aliyefanya kazi ndefu miongoni mwa Waga na kutoa kitabu mwaka 2008 juu ya hazina zao zilizozikwa, alimkuta katika mji wa jirani wa La mzee aitwaye Ataa Oko, aliyezaliwa karibu mwaka 1919. Mzee huyu alikuwa akichonga majeneza ya maumbo tangu karibu mwaka 1945, yaani kabla ya ile ndege. Tschumi akaonyesha pia kwamba machifu wa Waga walikuwa na machela za maumbo kabla ya maseremala hawa wote wawili, na kwamba majeneza yalitoka humo: mtu aliyebebwa hai ndani ya umbo fulani akazikwa ndani ya umbo hilo, na baadaye watu wasio machifu nao wakataka haki hiyo.

Kazi za Ataa Oko hazikuwa na pa kuonyeshwa. Zote zilikuwa makaburini. Kulikuwa na picha chache tu za zamani. Katika moja, iliyopigwa karibu mwaka 1960, amesimama na mkewe mbele ya jeneza lenye umbo la meli. Basi Tschumi akampa karatasi na penseli za rangi, akamwomba achore anayoyakumbuka. Mzee alikuwa amekwisha kupita miaka 80, na maisha yake yote alikuwa ameshika patasi na randa. Akaanza kuchora. Alichora jeneza moja baada ya jingine, yale aliyoyatengeneza kwa mikono yake nusu karne iliyopita na ambayo yeye mwenyewe aliyaona kwa wiki chache tu kabla ya kuchukuliwa. Baadaye akaendelea na wanyama na viumbe vya kiroho, na mwaka 2010 michoro yake ilifika kwenye jumba la sanaa la Lausanne. Alifariki mwaka 2012. Katika mambo yote niliyoyasoma kabla ya kwenda Ghana, hili ndilo lililonikaa zaidi. Seremala wa meza akitaka kukumbuka kazi yake ya ujana anaweza kwenda kwa mteja wake akaipapasa meza. Huyu hakuwa na meza ya kupapasa. Alikuwa na kichwa chake tu.

Nilitarajia kwamba swali la nani wa kwanza lingewachoma watu wa Teshie. Halikuwachoma. Fundi mmoja alinijibu huku akiendelea kupiga randa kwamba kila seremala wa pwani hii ana babu yake aliyekuwa wa kwanza, na akanipa kigoda nikae. Mimi nimefikia uamuzi wangu. Ukoo wa Kane Kwei haukuhitaji kuwa wa kwanza ili ustahili jina lake. Walichofanya ni kitu kingine, na naona ni kikubwa zaidi: waliacha mlango wazi kando ya barabara kuu, wakapokea vijana, na kazi iliyokuwa ya seremala mmojammoja ikawa kazi ya mji. Baada ya mwanzilishi kufariki karakana ilishikwa na wanawe, na mwaka 2005 mjukuu wake, Eric Adjetey Anang, akiwa kijana wa miaka 20, akaichukua. Ameifanya kazi hii hadi Marekani, na karakana ya babu haijafungwa.

Nilianzia hapo. Majeneza yaliyokwisha hupangwa juu, ghorofani, yakitazama barabara, na kazi hufanyika chini. Wageni wenye kamera huja mara kwa mara na wanapokelewa vizuri. Sikutaka kuwa mmoja wao siku nzima, kwa hiyo nikauliza mafundi waliotokea pale wako wapi, na nikaelekezwa mashariki zaidi, kwenye kibanda kisicho na ubao wa jina, bati juu, kuta mbili tu, baba na wanawe wawili na wanagenzi watatu. Baba yule alifundishwa na mtu aliyefundishwa na Kane Kwei mwenyewe. Pale ndipo nilipokaa mpaka jua likazama, na nikarudi kesho yake na siku zilizofuata.

Katikati ya kibanda alikuwa amelala samaki mwekundu, mrefu kuliko mtu, bado hana macho. Lilikuwa jeneza la mama aliyeuza samaki sokoni maisha yake yote. Mbao zake zilikuwa za wawa, mti wa Afrika Magharibi ulio mwepesi na laini, unaokubali tezo bila ubishi na unaooza upesi ukiwa ardhini. Mwanzoni hutengenezwa kiunzi, kisha vipande vifupi vya mbao hupigiliwa juu yake kimoja baada ya kingine kufuata mviringo wa tumbo na mgongo, na tezo hupita juu kuondoa pembe. Fundi hakuwa na mchoro wowote. Alikuwa na picha ya samaki kwenye simu iliyopasuka kioo, na hata hiyo aliitazama mara chache. Nyufa zilizobaki katikati ya mbao zilizibwa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la msumeno. Mwanagenzi mdogo kuliko wote, kijana wa miaka kama 16, alikuwa na kazi ya msasa. Alikuwa akifumba macho anapopitisha kiganja juu ya magamba ili asikie mahali palipokwaruza, kisha anapapiga msasa tena. Chini palikuwa na maranda mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Mfuniko ulikatwa ubavuni, pale ambapo mstari wa samaki mwenyewe hupita, ili ukifungwa usionekane. Ndani palikuwa bado hapajawekwa kitambaa. Nikainama kuchungulia na nikaona, juu ya ubao wa upande wa kichwa, namba imeandikwa kwa penseli ya seremala, na pembeni yake mstari. Kilikuwa kipimo cha urefu wa mama. Mwanawe wa kiume alikwenda kumpima mochwari kwa kamba, akafunga fundo penye kisigino, akaja nayo mfukoni. Kamba yenyewe ilikuwa imening'inia kwenye msumari juu ya meza ya kazi, na iliachwa pale mpaka samaki alipokwisha.

Nilikuwepo siku binti mkubwa alipokuja kukagua. Naye ni muuza samaki. Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, kitenge kimelowa upande mmoja. Mafundi wote waliacha kazi wakasimama. Alimzunguka samaki kimya, akagusa pezi la mgongo, akasema limekaa sawa. Kisha akatazama rangi. Fundi alikuwa amepaka wekundu uliofifia, wa kuelekea kahawia. "Huyu ni samaki wa jana," binti yule akasema. "Mama yangu hakuuza samaki wa jana." Akatoa simu, akaonyesha picha aliyoipiga asubuhi ile ufukweni, samaki ametoka majini dakika hiyo, mwekundu wa kung'aa na tumbo la fedha. Fundi hakujitetea. Alimwita mwanawe akamtuma dukani kununua rangi nyingine, na alasiri ile samaki akapigwa msasa upya toka kichwa hadi mkia.

Baada ya hapo sikuwa tena na hamu ya kuuliza kama majeneza haya ni sanaa. Binti alijua kitu kimoja juu ya mama yake ambacho alitaka kisemwe mbele ya mji mzima, na kulikuwa na mtu wa kukisema kwa mbao na rangi, sawasawa, bila kukosea hata kivuli. Nikakumbuka jinsi wazee wetu Tanga wanavyosimama mbele ya jeneza la msikiti na kuuliza waliohudhuria wanamshuhudiaje marehemu, na watu wakaitikia kwamba alikuwa mtu wa kheri. Na sisi tunatoa ushahidi. Tunautoa kwa midomo, kwa dakika moja, na wenzetu wa Teshie wanaufanyia kazi wiki nzima au zaidi.

Gharama ni kubwa, na hakuna anayeificha. Jeneza la namna hii linashinda kipato cha mvuvi kwa miezi mingi, kwa hiyo ni la ukoo, watoto walio nje ya nchi wakiwemo. Maiti hukaa mochwari kwenye friji wakati fedha zinatafutwa na mbao zinachongwa, na kila siku ya friji nayo inalipiwa. Mazishi mengi huangukia Jumamosi. Kuta za mji zimejaa mabango ya marehemu, picha, umri, majina ya wafiwa mpaka wajukuu, na siku yenyewe anayetoa mchango hutangazwa kwa kipaza sauti na kiasi alichotoa. Kwetu kuna kamati ya mazishi na daftari la rambirambi, na kiasi husomwa vilevile, kwa hiyo sikuona ajabu. Wengi wa Teshie huzikwa kwenye sanduku la kawaida la pembe nne, na kibanda kile nacho kinaishi zaidi kwa masanduku hayo kuliko kwa samaki. Maumbo mengine si ya kila mtu. Simba, kwa mfano, ni wa machifu. Na makanisa mengi hayataki jeneza la umbo kuingia ibadani, maana wachungaji wanaona nyuma yake imani ya zamani kwamba marehemu ataendelea na kazi yake huko aendako. Biblia ya mbao ndiyo inayopita mlangoni bila maswali.

Jioni moja nilimuuliza baba mwenye karakana alivyoingia kwenye kazi hii. Alisema mjomba wake alimpeleka kwa fundi na ada, pamoja na chupa ya shinapsi ya kumwagia wazee waliotangulia, na kuanzia hapo akawa mtoto wa nyumba ile. Mwaka wa kwanza alifagia maranda na kununua misumari. Alikatazwa kabisa kugusa tezo. Siku ya kuachiliwa, miaka baadaye, fundi wake alimmiminia poda nyeupe kichwani na mabegani mbele ya watu, akatangaza kwamba huyu sasa ni fundi, na akaruhusiwa kwenda kufungua chake popote, hata mlango wa pili. Nilimuuliza kama si hasara kumfundisha mshindani wako. Akanitajia Paa Joe.

Paa Joe, ambaye jina lake kamili ni Joseph Tetteh Ashong, alizaliwa mwaka 1947 na aliingia kwa Kane Kwei akiwa kijana. Katikati ya miaka ya 1970 akaondoka, akafungua karakana yake Nungua, mji unaofuata kwenye barabara hiyohiyo, na akawa na jina kubwa sawa na la mwalimu wake. Naye akafundisha wengi, na hao wakafundisha wengine. Ukitaka kuchora shina la ukoo wa kazi hii kwa damu tu, utapata babu, wana, mjukuu. Ukilichora kwa poda iliyomwagwa vichwani, karatasi haitatosha. Baba yule alilisema hilo kwa fahari isiyo na wivu hata chembe, na ndipo nilipoelewa kwa nini mama wa kwenye trotro alisema "kwa Kane Kwei" kama vile anataja mtaa.

Kazi hii ina njia nyingine, nayo haiishii makaburini. Miaka ya 1970 mfanyabiashara wa sanaa kutoka California aliagiza majeneza kwa Kane Kwei, na tangu hapo yamekuwa yakivuka bahari. Jeneza lake la tunda la kakao liko San Francisco, kwenye jumba la de Young. Mwaka 1989 kazi zake zilikwenda Paris kwenye maonyesho makubwa ya Magiciens de la Terre. Jumba la historia ya mazishi la Houston nalo lina mkusanyiko wake. Kwa maagizo hayo mafundi huacha wawa na kuchukua mbao ngumu, mkangazi na nyinginezo, kwa sababu jeneza la makumbusho linatakiwa lidumu. Nilipoyaona mafungu mawili ya mbao yamesimama kwenye kona moja, laini za kuoza na ngumu za kudumu, niliuliza ipi ina faida. Ngumu, bila shaka. Mgeni hulipa vizuri, hadai rangi ya samaki wa leo, wala halii.

Silaumu fedha hiyo. Imewaweka hai mafundi miaka ambayo mji ulikuwa hauna kitu. Lakini sisi wa pwani ya mashariki tuna jeraha letu linalonifanya niwe mwangalifu. Wamijikenda huwasimamishia wazee wao wa chama cha Gohu vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, na nguzo ikishasimamishwa haiondolewi. Huachwa mpaka mchwa na mvua viimalize. Vigango vingi viling'olewa usiku, vikauzwa Mombasa, vikaishia kwenye majumba ya sanaa ya Marekani, na jumba la makumbusho la Denver lilipotangaza mwaka 2014 kwamba linarudisha 30, kulikuwa na familia ambazo zilikuwa zimehesabu misiba yao kuanzia siku nguzo ilipopotea. Teshie hawajaibiwa hivyo. Wao huchonga moja la kuuza na moja la kuzika, na wanajua lipi ni lipi. Naona ni busara kubwa. Ila msomaji akiliona jeneza la Ghana kwenye kioo cha makumbusho, ajue kwamba anatazama lile ambalo halikupata mtu.

Asubuhi moja nilishuka ufukweni hadi kwenye mabaki ya ngome ya Augustaborg, ambayo Wadenmark waliijenga mwaka 1787 na kuwauzia Waingereza mwaka 1850 pamoja na ngome zao nyingine. Mitumbwi ya rangi imelala mchangani chini yake. Kati ya 2004 na 2005 Paa Joe alichonga kwa mbao mfululizo wa ngome za pwani hii ambamo watu walifungiwa kabla ya kupakiwa melini, na mwaka 2020 zikaonyeshwa Atlanta. Fundi wa majeneza akiwachongea ngome wale waliokufa baharini bila jeneza: sijui kazi nyingine ya seremala yeyote wa zama zetu iliyo na haki zaidi ya kuwepo.

Samaki alichukuliwa Ijumaa. Familia ilikuja na gari dogo la mizigo, wajukuu sita nyuma, na ikaonekana mara moja kwamba mkia hautaingia. Walijaribu kumlaza ubavu, fundi akakataa, rangi ya tumbo ilikuwa haijakomaa. Wakajaribu kutanguliza kichwa, mdomo ukagonga kibini. Mwishowe nyuma pakaachwa wazi, magodoro mawili ya sponji yakatandikwa, na mkia ukatokeza nje karibu hatua nzima juu ya barabara. Binti mkubwa akapita na kidole juu ya wekundu mpya, akaukubali. Akamwita yule mwanagenzi wa msasa, aliyekuwa amesimama kando na mikono imejaa unga mweupe, akamwambia apande. "Wewe ndiye unayemjua," akasema. "Kaa hapo nyuma ushike mkia, na dereva akienda mbio piga bati." Kijana akamtazama fundi wake, fundi akatikisa kichwa kukubali, akapanda. Gari likaingia kwenye foleni ya kuelekea mochwari, na trotro zote za nyuma zikapunguza mwendo.